Mstari Mwekundu wa Gati la Plum Run

Kwanza ulisikika mngurumo wa chini kwa chini kutoka ndani ya ukungu, halafu kishindo: dubuu! Vikombe vikagongana kabatini, vioo vya madirisha vikalia, na sauti ya tarumbeta aliyokuwa akiipuliza Tessa Haught ikakatika ghafla.

"Mjomba! Ni nini hicho?"

Mjomba Lonnie alikuwa jikoni akikaanga mayai, kama kila Jumamosi. Alizima jiko, akatoka barazani na mwiko mkononi. Tessa akamfuata na tarumbeta yake. Mto Ohio haukuonekana. Yalisikika makelele ya watu, honi, kisha king'ora cha polisi. Walisimama pale mpaka jua likaanza kuula ukungu, ndipo wakaona: tishari refu la makaa ya mawe limelala mshazari katikati ya mto, limeegemea nguzo ya daraja kama ng'ombe aliyekataa kuingia zizini.

Kabla mayai hayajapoa, jirani alikuja na habari. Hakuna aliyeumia. Lakini daraja limefungwa, gari lisivuke wala mtu asitembee juu yake, mpaka wahandisi waje kukagua nguzo. Na wahandisi hawatafika kabla ya kesho. Na kuzunguka hadi daraja jingine, kwenda na kurudi, kungekula siku nzima.

"Tushukuru hakuna aliyekufa," alisema Mjomba Lonnie.

Tessa aliingia ndani, akafungua mkoba wa tarumbeta, akaitazama barua iliyolala chini ya kitambaa cha kufutia.

Jioni ile, saa kumi na mbili, bendi ya shule ya Corley, mji mdogo wa jimbo la West Virginia, Marekani, ilikuwa ipande basi kwenda Kanada. Kanada! Hakuna bendi ya mji ule iliyowahi kuvuka mpaka wa nchi. Na wimbo wa kwanza wa maandamano ya sherehe kule ulianza na tarumbeta moja peke yake, na tarumbeta hiyo ilikuwa ya Tessa, msichana wa miaka kumi na miwili. Alikuwa ameufanyia mazoezi wimbo huo mpaka midomo ikavimba.

Lakini mtoto asiye na mzazi wake safarini hapiti mpakani hivi hivi. Mwalimu Prather alitaka kila mmoja awe na barua ya ruhusa iliyosainiwa na mlezi, na chini ya saini hiyo cheti chenye muhuri cha mthibitishaji wa hati, yaani mtu aliyeapishwa na serikali kushuhudia saini. Mlezi wa Tessa kisheria alikuwa Bibi Orpha, mama yake Mjomba Lonnie. Na Bibi Orpha alikuwa ng'ambo ya mto, katika jimbo la Ohio, kwenye kijiji cha Plum Run. Alianguka ngazini wakati wa kuchuma tufaha, akavunjika mguu, na sasa alikuwa akiuguzwa kwa dada yake mwenye nyumba isiyo na ngazi.

Bibi aliisaini barua wiki moja kabla, mezani kwa dada yake. Tessa akaitia mkobani. Ilibaki kazi ya muhuri tu, na yeye akaiona ni kazi ya kufumba na kufumbua. Alhamisi, Mwalimu Prather alipokusanya barua mbele ya bendi yote, wenzake wote walitoa zao. Ikafika zamu yake.

"Tessa?"

"Tayari, mwalimu. Imeshapigwa muhuri, ila nimeisahau nyumbani."

Aliyasema bila hata kupepesa macho. Hakuyaona kuwa uongo. Aliyaona kuwa ukweli uliochelewa kidogo. Leo asubuhi Mjomba angemleta Bibi kwa gari kupitia darajani mpaka mlangoni kwa mthibitishaji, na mambo yangeishia hapo.

Sasa daraja hakuna.

Mjomba Lonnie alikuwa ameshashuka mtoni kuwasaidia watu wa tishari. Tessa alichukua barua, akakimbia. Njiani akakutana na Wade, mpiga ngoma wa bendi, anatafuna mkate wenye nyama ya peperoni ndani.

"We, unakimbizwa na mbwa?"

"Wade, barua yangu haina muhuri."

Wade aliacha kutafuna. "Si ulisema—"

"Najua nilichosema!"

"Haa! Kumbe dada mkubwa wa tarumbeta naye anatudanganya!" Wade alicheka, halafu akaona macho ya mwenzake, akaacha. "Sikiliza, usilie. Bi Darlene anamjua bibi yako tangu dunia iumbwe. Mwambie apige muhuri, basi. Nani atajua?"

Bi Darlene Yoho alikuwa mthibitishaji wa hati pekee aliyefanya kazi Jumamosi mjini Corley. Meza yake ilikuwa pembeni mwa duka la vifaa vya ujenzi, kati ya makopo ya rangi na misumari. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Watu walimletea hati za mashamba, za magari, za mirathi. Naye aliwatania, aliwauliza habari za watoto, lakini akishika muhuri alikuwa mtu mwingine, kama hakimu.

"Karibu, mama tarumbeta! Leo ndiyo safari, eeh?"

"Ndiyo, Bi Darlene. Bado muhuri tu." Tessa aliiweka barua mezani. "Saini ya Bibi hiyo hapo."

"Naiona. Naijua kama ninavyojua mwandiko wangu. Yeye yuko wapi?"

"Yuko... Si unamjua, Bi Darlene? Miaka yote hii mnaimba kwaya moja."

"Namjua sana. Ndiyo maana nataka kumwona." Bi Darlene alivaa miwani. "Njoo usome hapa. Soma kwa sauti."

Tessa alisoma maandishi ya cheti chini ya saini. "Hati hii imekiriwa mbele yangu..."

"Simama hapo. Mbele ya nani?"

"Yako."

"Si lazima asaini mbele yangu. Angeweza kusaini juzi, jana, hata juu ya farasi. Lakini lazima aje mwenyewe, aniangalie, aseme kwa mdomo wake: saini hii ni yangu, na nimeiweka kwa hiari yangu. Hilo ndilo linaloitwa kukiri saini. Asipokuja, haya maneno ni ya uongo, na chini yake kuna jina langu."

"Basi tumpigie simu!" Wade alidakia.

"Simu haina uso, kijana."

Enzi hizo simu bado zilikuwa za waya, na kweli hazikuwa na uso. Akilini Tessa aliona basi likiondoka. Aliona msichana mwingine amesimama mbele ya maandamano na tarumbeta yake. Maneno yakamtoka kabla hajayapima.

"Yuko nje! Bibi yuko nje garini. Alivuka mapema kabla ya ajali. Mguu tu ndio unamzuia kushuka."

Wade alitazama sakafu.

"Si ungesema!" Bi Darlene aliinuka kwa furaha. Alichukua muhuri, kalamu, kitabu chake cha kazi, akavaa na koti, akatoka mlangoni kwa haraka kama anakwenda harusini. "Orpha! Orpha wee! Umekuja na—"

Barabara ilikuwa tupu. Kulikuwa na baiskeli moja ya Wade, imelala.

Bi Darlene alisimama pale na muhuri wake mkononi. Hakugeuka upesi. Alipogeuka hakuwa amekasirika, na hilo lilimuuma Tessa kuliko kama angepigwa kofi. Alikuwa na sura ya mtu aliyeitwa mezani akakuta sahani tupu.

"Nilitoka mbio," alisema taratibu. "Nilikuamini, nikatoka mbio."

Tessa aliangua kilio. Alisema yote, hapo hapo barabarani: uongo wa leo, na uongo wa Alhamisi mbele ya bendi nzima. Wade alimpa nusu ya mkate wake, kwa kuwa hakujua jambo jingine la kufanya.

"Ingia ndani," alisema Bi Darlene. "Kwanza utampigia mwalimu wako, utamwambia ukweli. Halafu tutafikiri."

Tessa alizungusha namba. Mwalimu Prather alisikiliza mpaka mwisho.

"Ahsante kwa kuniambia," alisema. "Ningegundua mpakani, bendi nzima ingekwama usiku barabarani kwa ajili yako. Sasa sikiliza: basi linaondoka saa kumi na mbili. Barua ikiwa kamili, unapanda. Isipokuwa kamili, unabaki, hata kama wimbo utaharibika. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mwalimu."

Saa sita mchana ilikuwa imeshapita. Mjomba Lonnie aliingia dukani, nguo zimelowa, akaelezwa.

"Wazo rahisi," alisema. "Nina boti. Nikuvushe, Bi Darlene, ukamwone mama kule Plum Run."

"Lonnie, mimi nimeapishwa na jimbo la West Virginia. Popote ndani ya jimbo hili muhuri wangu una nguvu. Nikikanyaga Ohio tu, ni kipande cha mpira."

"Basi apatikane mthibitishaji wa kule kule."

"Plum Run? Kule hata posta hakuna. Na benki za mjini kwao, wanakofanyia kazi wathibitishaji, zimefungwa saa hizi."

"Nimlete mama huku?"

"Na plasta ile ya mguu iliyofika pajani? Atainamaje kuingia kwenye kiboti chako? Utamvunja wa pili."

Nje, mtu alikuwa akieleza kwa sauti kubwa jinsi alivyoiona ajali, ingawa kulikuwa na ukungu na hakuona kitu. Tessa alikaa juu ya kopo la rangi. Alimfikiria Bibi: Bibi na kofia yake ya majani, Bibi na ndoano, yeye na Bibi wamekaa wawili kwenye gati la Plum Run kiangazi kilichopita, na afisa mmoja wa uvuvi aliyewajia kukagua leseni.

Akaruka juu. Kopo likapinduka.

"Mstari mwekundu!"

"Mstari gani?"

"Wa gatini! Bi Darlene, mto ni wetu! Mpaka haupiti katikati, upo kule kule ng'ambo! Afisa alituambia: mpaka ni pale maji yalipokuwa yakikomea zamani, kabla mabwawa hayajayapandisha. Sasa hapo pamezama, kwa hiyo wamechora mstari mwekundu juu ya gati. Ukivua upande wa nchi kavu unahitaji leseni ya Ohio. Ukivuka mstari, leseni ya West Virginia. Bibi hukaa upande wetu wa mstari kila mara kwa sababu hataki kulipia leseni mbili!"

Bi Darlene alivua miwani. "Sema tena. Polepole."

"Ncha ya gati iko West Virginia. Na Bibi ana kiti cha magurudumu!"

Mjomba Lonnie alipiga meza kofi misumari ikaruka. "Huyu mtoto ana akili ya mvuvi!"

"Ngoja," alisema Bi Darlene. "Sitategemea rangi iliyochorwa na nisiyemjua." Alimpigia simu afisa wa uvuvi nyumbani kwake, akamuuliza, akamuuliza tena kwa njia nyingine, akaandika majibu. Alipoweka simu chini, mashavu yake yalikuwa mekundu. "Mstari ni wa kweli. Wamepima wenyewe. Lonnie, boti lako lina majaketi ya kuelea mangapi?"

"Ya kutosha."

"Na la saizi yangu?"

"Tutalazimisha!"

Alasiri ile watu wa Corley waliokuwa ukingoni wakitazama tishari waliona ajabu nyingine. Mbali na daraja, upande wa chini wa mto, mahali ambapo maji yalitulia na vyombo vidogo viliruhusiwa, boti la Lonnie Haught lilikata mto mbio. Mbele alikaa Bi Darlene, jaketi la rangi ya chungwa limembana mpaka kidevu kimeinuka, ameukumbatia mfuko wa nailoni wenye muhuri kama mtoto mchanga. Nyuma yake Tessa, kisha Wade, aliyepiga ngoma kwa viganja kwenye ubao wa boti na kupiga kelele, "Pisha njia! Serikali inapita!"

"Nani serikali?" aliuliza Bi Darlene bila kugeuka.

"Wewe!"

"Basi serikali inaomba ukae chini kabla haijatapika."

Bibi Orpha alikuwa ameshapigiwa simu. Walimwona kwa mbali, kofia ya majani kichwani, mguu mweupe umenyooka mbele kama mlingoti, dada yake Vesta akimsukuma juu ya mbao za gati. Boti likagusa ncha. Bi Darlene akapandishwa kwa kusukumwa na kuvutwa, akajiweka sawa, akajifuta maji usoni. Mbele yake, juu ya mbao, mstari mwekundu ulikuwa wazi kabisa.

"Sogea, Orpha! Sogea mpaka upite huo mstari!"

Vesta alisukuma. Magurudumu yalilia juu ya mbao. Yalipobakiza kidole kimoja tu kufika mstarini, Bibi Orpha aliyashika kwa mikono yake yote miwili. Kiti kikakwama.

"Orpha, vipi?" Vesta aliuliza.

"Subiri." Bibi alikuwa akimtazama Tessa. "Mjukuu wangu amelia. Macho yake nayajua. Kuna jambo sijaambiwa, nami sivuki mpaka niambiwe."

Mjomba Lonnie alitazama saa yake, akafungua mdomo. Bi Darlene akamkanyaga mguu.

Tessa alitembea mpaka mstarini, akasimama upande wake. Kati yao ilikuwa rangi nyekundu tu. Angeweza kusema amelia kwa furaha ya safari. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni, tayari, jepesi, tamu. Akalimeza.

"Nilidanganya, Bibi. Alhamisi nilimwambia mwalimu barua imepigwa muhuri. Leo nikamdanganya Bi Darlene kwamba uko nje garini. Nilikutumia wewe. Nilitaka kukusemea ulipokuwa haupo."

Upepo ulipita juu ya maji.

"Ukasema niko mahali ambapo sipo," alisema Bibi hatimaye.

"Ndiyo, Bibi."

"Darlene. Nikikataa kukiri saini hii, itakuwaje?"

"Itakuwa umekataa," alijibu Bi Darlene kwa sauti yake ya kazi. "Nitakunja karatasi, nitarudi nyumbani. Ni haki yako, wala hakuna wa kukulazimisha."

"Vizuri. Nilitaka asikie." Bibi Orpha aliachia magurudumu. "Vesta, unasinzia? Sukuma!"

Kiti kikavuka mstari mwekundu. Wade alipiga mbinja ndefu. Bi Darlene alimnyamazisha kwa kidole, akavaa miwani, akasimama wima.

"Wewe ni nani?"

"Darlene Yoho, umepigwa na jua? Nilikubadilisha nepi mimi!"

"Jibu swali, Orpha."

"Orpha Lucille Haught," alisema Bibi, naye akakaa wima.

"Hii ni saini yako?"

Bibi aliisogeza barua karibu na macho, akaisoma yote tangu juu, neno kwa neno, huku Mjomba Lonnie akihema kama farasi. "Ni yangu."

"Umesaini kwa hiari yako, bila kulazimishwa wala kudanganywa?"

"Kwa hiari yangu. Na sasa sijadanganywa."

Bi Darlene aliweka barua juu ya kifuniko cha ndoo ya chambo. Aliandika: Jimbo la West Virginia, Kaunti ya Tolliver.

"Andika pia 'juu ya maji'," alisema Mjomba.

"Naandika nilipo. Hapa ni Kaunti ya Tolliver." Akaandika tarehe, jina la Bibi, akasaini. Kisha akainua muhuri.

Tap.

Sauti ndogo tu. Lakini Tessa alikuwa hajawahi kupuliza noti tamu kama hiyo.

Alimkumbatia Bibi shingoni mpaka kofia ikaanguka majini, Wade akaiokoa kwa kasia. "Nenda," alinong'ona Bibi. "Na ukipuliza, puliza mpaka mimi nisikie huku."

Walirudi mbio, boti likiruka juu ya mawimbi. Katikati ya mto Bi Darlene alimgeukia Tessa.

"Unajua kwa nini nilikataa asubuhi?"

"Kwa sababu sheria inakataza."

"Sheria yenyewe inakataza kwa nini?" Bi Darlene alisubiri kidogo. "Umemwona bibi yako pale mstarini. Aliweza kuuliza, aliweza kukataa. Mtu asipokuwepo hawezi kufanya hayo. Wapo wazee walioporwa mashamba yao kwa karatasi zenye saini nzuri kabisa, kwa kuwa kuna mtu alisema 'namjua, yuko nje.' Muhuri huu hauna nguvu ya chuma, Tessa. Nguvu yake yote ni kwamba nikisema nimemwona mtu, nimemwona. Na wewe huna muhuri, lakini una neno lako, nalo linafanya kazi hiyo hiyo. Watu wakilisikia, watoke mbio kama nilivyotoka mimi. Usiwafanye wakute barabara tupu."

Basi lilikuwa limeshawashwa injini. Tessa alikimbia, mkoba wa tarumbeta aliopitia nyumbani ukimgonga mgongoni, akampa Mwalimu Prather barua. Mwalimu aliisoma, akagusa muhuri kwa kidole gumba, akatazama jina.

"Kamili," alisema. "Lakini Alhamisi ulidanganya mbele ya watu."

"Najua, mwalimu." Tessa alipanda, akasimama mbele ya viti vyote. "Jamani, Alhamisi niliwadanganya. Barua haikuwa na muhuri. Nisameheni."

Wade akapiga kelele kutoka nyuma, "Tumekusamehe, kaa chini, tunataka kwenda Kanada!" na basi zima likalipuka kwa kicheko.

Tessa hakukaa. Aliteremsha kioo, akachomoza kichwa. Bi Darlene alikuwa bado kando ya barabara, jaketi la chungwa halijavuliwa, labda kwa sababu lilikataa kuvulika. Basi lilianza kuondoka.

"Bi Darlene!" Tessa aliita kwa nguvu zake zote, watu wote wa Corley wasikie. "Nakuahidi! Siku nyingine nikikwambia mtu yuko nje, toka mbio! Utamkuta!"